Je, wajua kwa nini mezani tunamiminiwa maji na sio kuchovya mikono kwenye beseni?

Kama umekulia Moshi au umewahi kualikwa kipaimara huko Marangu, Kibosho, Machame, hii unaijua. Kabla chakula hakijafunuliwa anakuja binti au kijana, jagi mkono wa kulia, beseni la kushoto, taulo begani, anainama kidogo mbele ya mzee wa kwanza, "karibu unawe babu", babu anakinga mikono, maji yanapita, zamu inaenda hivyo hivyo mpaka kwa mtoto wa mwisho kule mlangoni. Sasa kwa nini amimine? Si angeweka tu beseni la maji katikati kila mtu achovye tuanze kula?

Ni kwa sababu ya maji tiririka. Beseni likiwekwa katikati, wa kwanza anaacha uchafu wake mle, wa pili anachovya humo humo na kuacha wa kwake, akifika wa kumi ananawia vumbi na jasho la watu tisa, halafu mikono hiyo yote inaingia kwenye sinia moja la machalari, zile ndizi zilizopikwa na nyama. Kipindupindu kinapita njia hiyo hiyo, vijidudu vinatoka kwenye kinyesi vinaingia mdomoni kwa maji au chakula au mkono, na wanaokumbuka mlipuko ule ulioanza Agosti 2015 wanajua tuliambiwa nini kila siku redioni. Ukimiminiwa, maji yaliyokwisha kugusa mkono wako yanaangukia kwenye beseni basi, hayamrudii mtu.

Na kwa nini usijimiminie mwenyewe? Heshima ipo, mgeni hajihudumii, lakini angalia na hii: ukishanawa halafu ukashika mpini wa jagi ulioshikwa na ukoo mzima ambao walikuwa hawajanawa, umefanya kazi bure. Anayemimina ndiye anayeshika jagi peke yake mpaka mwisho. Kibuyu chirizi kinachofungwa nje ya choo ni wazo lile lile, unakanyaga kijiti kwa mguu kidumu kinainama chenyewe, mkono haushiki kitu, na ile 2020 ya corona zikaja ndoo za kukanyaga kila mahali tukaona kama kitu kipya wakati bibi zetu walikuwa na mtu wa kumimina miaka yote.

Mkono wa kulia nao ni hapo hapo. Wa kushoto una kazi yake chooni, kwa hiyo kwenye sinia hauingii. Waislamu wana hadithi ya Mtume aliyomwambia kijana mdogo ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia na ale kilicho mbele yake, na hiyo ya kula mbele yako hata nyumba za Wakristo tulifundishwa, unachimba upande wako tu, huvuki kwenda kuwinda nyama upande wa mwenzio, nyama inasubiri mwishoni mkubwa aigawe.

Ila kuna kitu kimoja tunakosea na mimi kinaniuma kweli. Angalia vizuri shughuli nyingi, kabla ya kula tunamiminiwa maji matupu, sabuni inakuja BAADA ya kula, kuondoa mafuta ya nyama na harufu ya samaki! Tumeigeuza. Sabuni inafanya kazi hivi, chembe yake ina upande mmoja unaoshika mafuta na mwingine unaoshika maji, mkono wetu una mafuta yake ya asili na uchafu pamoja na vijidudu vinanata humo, maji peke yake yanaondoa baadhi tu, lakini sabuni inaling'oa lile tabaka na maji yanalibeba. Ndio maana wanasema sugua sekunde 20 hivi, kati ya vidole, chini ya kucha, ndipo umiminiwe. Baada ya kula unang'arisha mkono tu, vijidudu umeshavimeza.

Shida ni kwamba ukimletea mgeni sabuni kabla ya chakula anaweza kuona unamwambia mchafu, mzee hasa. Kwetu tulimaliza hivi: mwenye nyumba ananawa wa kwanza, anaomba sabuni kwa sauti, anasugua taratibu watu wote wakimwona, ndipo kisahani cha sabuni kinaenda kwa wazee pamoja na jagi. Desemba iliyopita bibi aliniuliza sabuni ya nini saa hizi na nyama bado haijaliwa, nikamwambia bibi nimetoka stendi kwenye haisi nimeshika vyuma njia nzima, wacha nianze mimi. Akaniangalia nikisugua mpaka nikamaliza, akakunja mikono ya sweta, akasema haya, na mimi nipe hicho kisabuni.