Kizunguzungu kinachotoka kwenye maji ya sikio: kinavyotambuliwa

Ukisema unasikia kizunguzungu hapa Nairobi, utaambiwa ni presha, damu imepungua au ni taifodi. Sikio hukumbukwa mwisho.

Ndani kabisa ya sikio mna vijifuko na mirija yenye maji yaitwayo endolimfu. Yakizidi, utando unaoyazuia hutanuka, na usikivu na mizani ya mwili huvurugika pamoja. Ndiyo hali inayohusishwa na ugonjwa wa Ménière, ulioitwa hivyo kwa jina la Prosper Ménière, daktari Mfaransa aliyeonyesha mwaka 1861 kwamba kizunguzungu kinaweza kuanzia sikioni.

Daktari atauliza kwanza kilidumu muda gani. Hesabu wakati vitu vilipokuwa vikizunguka tu, si uchovu uliofuata. Sekunde chache ukijigeuza kitandani mara nyingi ni chembe za kalsiamu za ndani ya sikio zilizohama mahali pake. Hizo hutambuliwa kwa kukulaza haraka, kichwa kimegeuzwa nyuzi 45, huku macho yako yakitazamwa. Kizunguzungu cha siku nzima bila kukoma huelekeza kwenye neva ya mizani, au kiharusi. Cha Ménière hudumu dakika 20 hadi saa 12, na lazima kiwe kimekuja chenyewe angalau mara mbili. Kipandauso ndicho kinachotatiza zaidi, kwa kuwa chake huchukua dakika 5 hadi saa 72.

Muda peke yake hautoshi. Sikio moja liwe linavuma, linaziba au usikivu wake unapanda na kushuka, na kipimo cha usikivu kionyeshe limepoteza sauti nzito. Hapa ndipo wengi hukosea: mwanzoni mwa ugonjwa usikivu hurudi shambulio likipita, hivyo anayepimwa wiki tatu baadaye huambiwa yuko sawa. Nenda sikio likiwa bado limeziba. Nta itolewe kwanza, na upimwe kwa vipokea sauti na pia kwa kitetemeshi kinachowekwa kwenye mfupa nyuma ya sikio. Bila hicho cha pili, usaha au maji nyuma ya ngoma ya sikio yanaweza kudhaniwa kuwa Ménière.

MRI ya kawaida, yaani picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa sumaku, haionyeshi maji hayo. Huagizwa ili kuhakikisha hakuna uvimbe kwenye neva. Usikimbilie kuilipia kabla ya kipimo cha usikivu, ambacho ni nafuu mno.

Dawa za kutuliza kizunguzungu zinazonunuliwa dukani huweza kuficha mwendo wa macho ambao daktari anautafuta. Mtajie ulizomeza na saa ulizomeza.

Ukiona vitu viwili viwili, ulimi ukiwa mzito, uso ukipinda, mkono ukilegea au ukishindwa kabisa kusimama, usingoje kliniki: nenda idara ya dharura mara moja. Na kabla hujapimwa, usiendeshe bodaboda wala kupanda jukwaa la mjengo. Baadhi ya mashambulio huja bila dalili yoyote ya kuonya.