Mawese yanasingiziwa mengi

Kula migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, wa kukaanga pale Mwanga mjini Kigoma saa tatu usiku, lala saa nne, kiungulia kikuamshe saa nane. Asubuhi ukisimulia tu, Kigoma nzima ina jibu moja: achana na mawese, hamia alizeti. Tumbo langu ni la kubembelezwa tangu ujana, na ushauri huo nimepewa mara nyingi kuliko nilivyouomba.

Wanachosema kwanza ni kwamba mawese ni mazito na alizeti ni mepesi. Kwa tumbo, hapana. Gramu moja ya mafuta yoyote ina kalori 9, yawe mekundu, ya njano au meupe. Mafuta yakiingia kwenye utumbo mwembamba, mwili hutoa homoni inayolipunguzia tumbo kasi ya kushusha chakula. Mlango ulio kati ya umio na tumbo nao hulegea. Chakula kinakaa juu muda mrefu, mlango umelegea, halafu wewe umelala chali: asidi itapanda tu, hata kama ulikaangia alizeti ghali kuliko zote dukani. Alizeti inashinda kwingine, kwenye mishipa ya damu. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayopandisha kolestro, wakati kwenye alizeti ni kama sehemu moja tu kwa kumi. Mwenye shida ya moyo ana sababu ya kubadili mafuta. Mwenye kiungulia abadili kwanza kipimo, na saa ya kula.

Kuna hili jingine, ambalo watu wa Kasulu hulisema sana kwa sababu kwao kuna baridi: mafuta yanayoganda kwenye chupa yataganda na tumboni. Mawese huyeyuka yote yakifika kama nyuzijoto 35. Mwili wako una 37. Tena nyongo huyavunjavunja kuwa matone madogo sana, kisha vimeng'enya vya kongosho vikayamalizia. Hakuna kinachoganda humo.

Kinachonikera zaidi ni hii habari ya kuyachoma mawese jikoni mpaka wekundu upotee na moshi ujae nyumba nzima, eti kuyatoa makali. Ule wekundu ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ukiuchoma umetupa kitu bora kuliko vyote kwenye chupa ile, na umebakiwa na mafuta yaliyoanza kuharibika kabla samaki hajaingia. Moshi wenyewe unawasha macho na koo. Makali yanayokwaruza koo mara nyingi hutoka mbali zaidi, kule kwa mkamuaji: ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zikivunwa zikakaa siku nyingi bila kuchemshwa, hasa zilizopondeka, vimeng'enya vyake vyenyewe huanza kuyavunja mafuta, na uchachu huongezeka. Kuchoma hakurudishi upya uliopotea.

Kwa hiyo sokoni mimi naanza na pua. Mawese mapya yananukia tunda; yaliyochacha yananukia kama rangi ya mlango. Chupa iliyoanikwa juani tangu asubuhi naiacha, maana mwanga na joto vinaharakisha uharibifu. Nyumbani naweka kijiko kimoja kwenye sufuria: yakipasukapasuka sana, yana maji, na mafuta yenye maji hayakai muda mrefu. Halafu uliza kama ni mawese au mise. Mti ni mmoja, lakini mise yanakamuliwa kwenye kokwa, na zaidi ya asilimia 80 ni yale yale ya kupandisha kolestro. Maandishi ya "haina kolestro" kwenye dumu yasikubabaishe. Mafuta ya mimea karibu yote ndivyo yalivyo.

Gesi je? Msingizie aliyehusika. Maharage yana sukari ambazo utumbo hauwezi kuzisaga, bakteria wakazichachusha. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha uyapike na mawese yako.

Na vidonda vya tumbo. Wengine wanasema mawese huvileta, wengine hunywa kijiko asubuhi ili "kuvipaka". Pande zote mbili zimekosea. Vidonda vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, zile tunazomeza kama karanga. Daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 ili aaminiwe, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyo anapimwa, na ana dawa zake.

Maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu kila baada ya chakula cha mafuta yanaweza kuwa vijiwe vya nyongo, na hapo mafuta yoyote yatauma. Choo cheusi kama lami au macho ya njano, nenda hospitali leo, usisubiri kesho.

Kwangu migebuka huchemshwa na nyanya na ndimu. Mawese huingia mwishoni, kijiko kimoja cha chakula kwa sufuria ya watu watatu, kwa kijiko na si kwa kumimina kutoka kwenye chupa. Saa moja jioni tumeshanawa mikono.