Fundi wa Kiwandani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kijana akisema anakwenda chuo cha ufundi ili awe fundi wa mitambo kiwandani, wengi humpa pole kabla ya kumpa hongera. Sababu zao nimezisikia mara nyingi, na nyingi hazina miguu ya kusimamia.

"Ni kazi ya waliofeli hesabu"

Hii ndiyo kongwe kuliko zote, na ndiyo inayoniudhi zaidi.

Mtazame mwanagenzi, yaani anayejifunza ufundi kazini, aliyesimama kwenye mashine ya kukereza. Mchoro unamtaka atoe shafti, mhimili wa chuma wa mviringo, ya milimita 50, daraja la usahihi la h6. Maana yake kipenyo kisizidi milimita 50.000 wala kisishuke chini ya 49.984. Nafasi yote aliyopewa ni maikroni 16, yaani sehemu 16 za elfu za milimita, na unywele wa kichwani mwake ni mnene kuliko hapo mara kadhaa. Anakata kidogo, anapima, anakata tena. Mikromita, kifaa chake cha kupimia, inasoma 50.000 kamili. Anaipeleka shafti kwa mkaguzi huku anatabasamu, na baada ya saa moja inarudishwa: imepungua.

Mikromita haikudanganya. Shafti ilipimwa ingali na joto la kukerezwa. Chuma hutanuka kwa sehemu 11 hadi 12 hivi kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto, na vipimo vya michoro ya kiwandani huchukuliwa kuwa vya kitu chenye nyuzi 20 za Selsiasi. Kwenye nyuzi 60, shafti ile ilikuwa imevimba kwa maikroni 23 hivi. Ilipopoa ikabaki 49.977, na chuma kilichokwisha kukatwa hakirudi. Aliyefeli hesabu na akaridhika kufeli, kazi hii itamtoa jasho. Ila nimeona pia waliochukia hesabu za ubaoni wakazipenda siku walipozishika mkononi.

"Chuo cha nini? Ufundi hujifunzwa kwa kutazama"

Kutazama kunafundisha mengi, lakini macho yana mwisho wake. Ukimtazama fundi anayejiandaa kutengeneza mashine, utamwona akizima umeme na kuifunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo akautia mfukoni. Usichokiona ni hewa iliyobanwa ndani ya silinda, springi iliyokazwa, au kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme, ambayo bado ina chaji. Umeme umekatwa, lakini mkono wa mashine unaweza kushuka na kuponda vidole. Anayeelewa hutoa hewa kwanza, huegemeza kinachoweza kuanguka, kisha hubonyeza kitufe cha kuwashia ili ahakikishe kweli hakuna kinachosogea. Darasani ndipo unapoambiwa nguvu hizo zimejificha wapi.

"Basi cheti kikipatikana, umekuwa fundi"

Hapa wanaokosea ni wasomi. Chuoni, hitilafu hupangwa na mwalimu, na jibu analo. Kiwandani mkanda wa kubebea maboksi unasimama katikati ya zamu ya usiku, na msimamizi amesimama anakutazama, mikono kiunoni. Mgeni hukimbilia spana aifungue mota. Fundi mzoefu hufungua kabati la umeme na kutazama vitaa vidogo vya kidhibiti cha mtambo: kimoja cha upande zinakoingilia taarifa za sensa hakiwaki. Anafuata waya hadi kwenye sensa ya mwanga, anakuta jicho lake limefunikwa na vumbi, analifuta kwa kitambaa. Mkanda unaondoka. Spana haijaguswa.

Ndiyo maana nchi zilizotilia maanani jambo hili hazikuchagua kimoja zikaacha kingine. Ujerumani mwanagenzi husaini mkataba na kampuni, na kwa kawaida huwa shuleni siku moja au mbili kwa wiki, au kwa vipindi vya wiki kadhaa mfululizo. Fundi wa mekatroniki, anayeunganisha ufundi wa mitambo na wa umeme, humaliza kwa miaka mitatu na nusu. Marekani, uanagenzi uliosajiliwa unaohesabiwa kwa saa hudai angalau saa 2,000 za kazi, na hupendekeza saa 144 za masomo kwa kila mwaka.

"Roboti zimeshaichukua kazi hiyo"

Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, ilianza kazi katika kiwanda cha kampuni ya magari ya General Motors huko New Jersey, Marekani, mwaka 1961. Tangu siku hiyo kuna mtu wa kuifundisha roboti njia ya mkono wake, kubadilisha vishikio vyake na kutafuta kwa nini imegoma. Kazi zilizopungua ni za kurudiarudia tendo moja kutwa. Fundi naye amebadilika: zamani alihitaji bisibisi na sikio zuri, leo anahitaji hivyo na kompyuta juu yake.

Kuhusu "ni kazi ya wanaume", sitapoteza maneno. Mizigo mizito huinuliwa na winchi, na mikromita haiulizi jinsia.

"Ukiingia karakana hutoki"

Mary Barra aliingia General Motors mwaka 1980 akiwa na miaka 18, akikagua vipande vya bodi za magari ili alipie masomo yake ya uhandisi, akipishanisha chuo na kiwanda. Mwaka 2014 akawa mkurugenzi mkuu wa kampuni hiyo. Wachache hufika huko, sawa. Lakini kutoka ufundi kwenda usimamizi wa zamu, ubunifu wa mitambo, ukaguzi wa ubora au ualimu wa chuo ni njia iliyokanyagwa na wengi.

"Mwanagenzi ni kibarua wa bure"

Hii ina ukweli ndani yake, ndiyo maana nimeiacha mwisho. Katika mipango kama hiyo ya Ujerumani na Marekani, mwanagenzi hulipwa tangu mwanzo, na malipo hupanda kadiri anavyoendelea. Kwingine hakuna sheria inayomlinda, na mtu anaweza kufagia vyuma chakavu mwaka mzima akiitwa mwanafunzi.

Kwa hiyo uliza kabla ya kusaini. Nani atanifundisha, kwa jina lake? Nitahamishwa mashine baada ya muda gani? Mtihani wa mwisho unasimamiwa na nani? Kisha omba uonyeshwe daftari la kazi la mwanagenzi wa mwaka wa pili. Ukikuta kila ukurasa umeandikwa "usafi" na "kusaidia fundi", umeshajibiwa.