Ndimu ni ya Samaki, si ya Sarafu ya Kirumi

"Ami, nimeisugua vizuri kabla sijakuletea."

Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno, na kila nikiyasikia tumbo hunikata. Safari hii aliyeyasema ni kijana wa kwetu Mombasa aliyeoa huku Uingereza. Mkewe alirithi kisanduku cha sarafu kutoka kwa babu yake. Kijana akafungua leso mezani kwangu. Ndani yake, inang'aa kama sinia la harusi, ilikuwamo sesterti, sarafu kubwa ya shaba ya Kirumi, ya mtawala Vespasianus, pana kuliko kifuniko cha chupa ya soda.

Upande wa nyuma palikuwa na mtende, na chini ya mtende mwanamke wa Kiyahudi ameketi, ameinamisha kichwa, analia. Kuzunguka picha, maneno IVDAEA CAPTA: Yudea imetekwa. Nasema palikuwa, kwa sababu sura ya yule mwanamke haipo tena. Ameiondoa mume wa mjukuu, kwa ndimu, chumvi na brashi ya meno, jioni moja akitazama mpira.

Msidhani nalilia pambo. Mwaka 69 Roma ilikuwa na watawala wanne, mmoja baada ya mwingine, na Vespasianus ndiye aliyebaki wa mwisho. Hakuwa wa ukoo wa Augustus, yule mtawala wa kwanza. Alikuwa jemadari aliyekalia kiti kwa nguvu ya majeshi, akihitaji kuonyesha kwamba anastahili. Mwaka 70 mwanawe Tito akaiteketeza Yerusalemu, na mwaka uliofuata habari hiyo ikagongwa kwa wingi kwenye sarafu. Raia wa kawaida hakuwahi kumwona mtawala wake, lakini sarafu yake aliishika sokoni akinunua mikate. Yule mwanamke anayelia ndiye aliyekuwa gazeti la siku hizo, tena gazeti la upande mmoja.

Sasa hiyo dhana yenyewe: kwamba ule weusi na ukijani ni uchafu, na kwamba chini yake kuna sarafu nzuri inayosubiri kufunuliwa. Hapana! Sarafu ya shaba ikilala ardhini miaka 1,900, tabaka lake la juu hugeuka polepole kuwa madini, mekundu kwa ndani, ya kijani au ya kahawia kwa nje. Sisi huliita patina. Halijaikalia picha kama vumbi linavyokalia kabati. Lenyewe ndilo picha. Nywele za mtawala, mikunjo ya nguo, nukta kati ya herufi, vyote vimehamia humo. Ukiliyeyusha kwa asidi, unachokikuta chini ni metali iliyolika, yenye vishimo, ambayo muhuri wa Mrumi haukuwahi kuigusa.

Najua tabia hii imetoka wapi. Nyumbani dele la kahawa husuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka liwake, na nani angewapokea wageni kwa dele jeusi? Lakini dele lina unene wa kutosha na halina maandishi ya kupoteza. Ukilichuna leo, kesho bado ni dele. Sarafu ukiichuna mara moja, basi. Ukwaju ni vilevile. Siki ni vilevile. Soda, dawa ya meno, dawa ya kung'arishia vitasa vya milango: vilevile. Na msiniambie "lakini kwenye video ilitoka safi." Ilitoka safi, ndiyo, na bei ikatoka nayo. Sesterti ya aina hii ikiwa na patina yake huweza kuuzwa kwa maelfu ya pauni. Ile ya kijana nilimwambia aitunze kwa ajili ya watoto.

Ushauri wangu ni mmoja na sijaubadilisha tangu nianze kazi hii ya sarafu: usifanye kitu. Ukishindwa kabisa kujizuia, iloweke kwenye maji yaliyotoneshwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa), si ya bomba, ubadilishe maji kila baada ya siku kadhaa, na udongo ukilainika uuchokonoe kwa kijiti cha meno cha mbao. Wapo wanaoapa kwa mafuta ya zeituni. Mimi siyapendi, nayo yana asidi yake. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni ukijani wa namna nyingine: mpauko, wa ungaunga, unaodondoka ukiugusa. Huo ni ugonjwa wa shaba, unaoletwa na kloridi na kuchochewa na unyevu, na kwa hewa ya pwani yetu huenda mbio. Sarafu hiyo itenge na wenzake, iweke pakavu, umpelekee mtu anayejua.

Mengine ninayoambiwa ni ya kupita tu.

"Ni ya miaka elfu mbili, kwa hiyo bei yake ni nyumba nzima." Warumi waligonga sarafu kwa mamilioni. Mwaka 2010 huko Frome, Somerset, zilichimbuliwa sarafu 52,503 ndani ya chungu kimoja. Shaba ndogo ya karne ya 4 unaweza kuipata kwa bei ya chakula cha mchana. Kinachopandisha bei ni uhaba wa aina, hali yake na hamu ya wanunuzi. Umri pekee haununui hata kiwanja. Ni imani ileile inayowachimbisha watu mashimo nyumbani wakitafuta mali ya Mjerumani.

Kuna aliyewahi kunipigia simu akidai sarafu yake imeandikwa mwaka 50 KK. Nilimwuliza kama fundi aliyeigonga alikuwa nabii, ajue Kristo anakuja. Warumi walihesabu kwa vyeo: TR P na tarakimu ni mwaka wa mamlaka ya utribuni, COS ni idadi ya mara ambazo mtu amekuwa konsuli, vyote viwili vyeo vya juu vya serikali ya Roma. Kwenye sarafu ya yule kijana COS III imenusurika, na ndiyo inayotuambia kuwa ni ya mwaka 71.

"Huyu ni Yesu, ona taji la miiba." Hiyo si miiba, ni miale ya jua. Kwenye sarafu nyingi taji hilo lilimjulisha mtu kwamba hii thamani yake ni mara mbili ya ile ndogo yake. Uso wa Yesu ulitokea kwenye sarafu mwishoni mwa karne ya 7, chini ya Justinian II, kule Constantinople.

Halafu ipo ile dinari, sarafu ya fedha, ya mtawala Tiberius, inayouzwa kama "ile waliyomletea Yesu" katika Mathayo 22. Huenda ilikuwa ya namna hiyo. Andiko linasema dinari yenye sanamu ya Kaisari, na Kaisari ni cheo, kilibebwa na wengi. Mnaolipa ziada hapo mnalipia mahubiri.

Na wale wa sumaku! "Haikunasa, kwa hiyo ni halisi." Fedha hainasi, shaba hainasi, na bandia nyingi zimesubiwa kwa metali ambazo nazo hazinasi. Angalia ukingo: sarafu ya Kirumi iligongwa kwa nyundo, kwa hiyo kupinda kidogo au picha kukaa upande si kasoro. Mstari wa kalibu kuzunguka ukingo, au vitundu vya mapovu usoni, ndivyo vya kukutoa mbio. Tena kabla ya sumaku nunua mizani ya gramu. Dinari ya Augustus huwa na gramu 3.8 hivi. Mizani ikisoma 6, mrudishie mwenyewe.