Kitufe Kimefifia: Nani Amefunga Mipangilio ya Kivinjari Chako?

Wiki ya mwisho ya Juni simu za kitengo chetu cha TEHAMA hazipumziki. Mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa tarehe 30, na kila mhasibu, afisa manunuzi na mtunza stoo anataka mfumo umtii saa hiyo hiyo. Katika wiki kama hiyo mama mmoja, mhasibu wa ofisi ya wilaya hapa mkoani Dodoma, alinipigia mara tatu asubuhi moja. Nilipopokea sikuwahi hata kumaliza shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Ripoti haifunguki. Nimeambiwa niruhusu madirisha kwenye brauza, nimeingia kwenye mipangilio, kitufe kimefifia, hakibofyeki. Kuna kijana hapa anasema hiyo kufuli ataivunja kwa dakika tano. Nimruhusu?"

Nilimsihi asimruhusu. Kijana yule huenda alikuwa na uwezo kweli, ila hakuna aliyekuwa amejiuliza kufuli lile liliwekwa na nani. Swali hilo nalisikia Mtumba, Kongwa, Bahi na Kondoa, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Kwanza tuelewane kuhusu kitufe kilichofifia. Kivinjari, yaani brauza, chenye mipangilio iliyofungwa si kibovu. Kinatii amri iliyoandikwa juu ya uwezo wako. Sisi mafundi amri hizo tunaziita sera. Kwenye kompyuta za Windows nyingi huandikwa katika sehemu maalumu ya rejista ya mfumo, yaani daftari ambamo Windows hutunza mipangilio yake, sehemu ambayo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuihariri. Nyingine hushushwa kupitia intaneti pale unapoingia kwa akaunti ya kazini. Kila kivinjari kinapofunguka husoma sera kwanza, kisha ndipo husoma ulichochagua wewe. Viwili vikigongana, sera inashinda.

Ndiyo maana kufuta Chrome na kuisakinisha upya, jambo ambalo watu hulifanya kwa saa nzima huku wakila vifurushi vyao vya data, hakubadilishi kitu. Sera haimo ndani ya Chrome. Iko kwenye Windows au kwenye akaunti yako ya kazini, inaisubiri Chrome mpya irudi.

Sasa namna ya kuangalia. Kwenye Chrome, andika chrome://policy pale juu unapoandikia anwani za tovuti, kisha bonyeza Enter. Kwenye Edge ni edge://policy, na kwenye Firefox ni about:policies. Kutazama hakuharibu chochote, na huhitaji nywila ya msimamizi. Kama hakuna sera yoyote, ukurasa hautaorodhesha sera. Kama zipo, kwenye Chrome na Edge utaona jedwali lenye jina la kila sera, thamani yake, kama inahusu kompyuta nzima au mtumiaji mmoja, imetoka wapi, na kama ni ya lazima au ni pendekezo tu. Hilo la mwisho ni muhimu: pendekezo unaweza kulibadilisha mwenyewe, ya lazima huwezi.

Nilimwomba mama anisomee kilichoandikwa kwenye jedwali lake, herufi kwa herufi. Tulichukua kama dakika kumi. Alikuwa na sera iitwayo DefaultPopupsSetting, thamani yake 2. Maana yake ni kwamba kivinjari kimeamriwa kuzuia madirisha yote yanayochomoza, na ripoti yake ilikuwa inafunguka kwa dirisha la namna hiyo. Mpaka hapo hakuna cha kushangaza, ofisi nyingi hufanya hivyo. Lakini mistari michache chini yake palikuwa na HomepageLocation, yaani sera inayoamua ukurasa wa mwanzo, na anwani iliyokuwepo haikuwa ya ofisi yake. Ilikuwa ya mradi uliokwisha muda wake siku nyingi. Kompyuta ile ilikuwa mali ya mradi. Mradi ulipofungwa, vifaa viligawiwa ofisi za wilaya, na hakuna aliyeisafisha. Mwenye kufuli alikuwa ameshaondoka na ufunguo wake.

Katika uzoefu wangu kufuli la namna hii hutoka kwa mmoja kati ya watatu, na kila mmoja ana dawa yake.

Wa kwanza ni ofisi yako mwenyewe, na ndiye mara nyingi. Kompyuta za ofisi kubwa huunganishwa kwenye kikoa kimoja, yaani kundi la kompyuta linalosimamiwa kutoka sehemu moja, na wasimamizi huandika sera mara moja zikashuka kwenye kompyuta zote. Utakuta sera zinaeleweka: ukurasa wa mwanzo ni tovuti ya taasisi inayoishia na go.tz, kuhifadhi nywila ndani ya kivinjari kumezuiwa, programu nyongeza (vijiprogramu vinavyoongezwa kwenye kivinjari) zinazoruhusiwa ni zile chache tu zilizoorodheshwa. Hapa dawa ni kuomba, na nitaeleza namna ya kuomba.

Wa pili ni mwenye mali wa zamani, kama ilivyokuwa kwa mama yule. Vifaa vya mradi, vifaa vya msaada, laptopu iliyonunuliwa mtumba kutoka kwa kampuni iliyokuwa ikibadilisha mashine zake. Kompyuta hutolewa kwenye kikoa cha zamani, sera zikabaki zimeandikwa. Usihangaike kuzifuta moja moja. Mashine ya namna hiyo inatakiwa kufomatiwa na kuwekewa Windows upya na fundi wa ofisi, kwa sababu kama sera za kivinjari zilibaki, huwezi kujua ni nini kingine kilibaki: akaunti ya msimamizi wa zamani, programu ya kuiendesha ukiwa mbali, au mafaili ya watu wasiojua kwamba taarifa zao ziko mezani kwako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazigusa taarifa hizo pia.

Wa tatu ndiye anayeninyima usingizi. Kuna programu hasidi zinazotumia mlango uleule wa sera. Mtu anapakua programu ya kulipia iliyovunjwa ulinzi, au anakubali flashi ya rafiki, na pamoja na anachokitaka kinaingia asichokitaka. Programu hiyo inaandika sera kwenye rejista, na kuanzia hapo Chrome inaonyesha, chini kabisa ya menyu yake ya nukta tatu, kwamba inasimamiwa na taasisi. Mwenye laptopu hana taasisi! Ni laptopu yake binafsi, alinunua mwenyewe mjini. Akitafuta kitu mtandaoni anapelekwa kwenye tovuti asiyoijua. Akiondoa programu nyongeza ngeni, haiondoki. Kitufe cha kuiondoa kimefungwa. Kwenye jedwali la sera atakuta ExtensionInstallForcelist, sera halali kabisa ambayo ofisi huitumia kulazimisha programu nyongeza fulani iwepo, ila hapa imetumiwa na mwizi.

Nisiwatie hofu bila sababu. Baadhi ya programu za antivirusi nazo huandika sera moja au mbili, na ujumbe uleule ukatokea. Kinachotofautisha ni yaliyomo. Sera moja yenye jina la antivirusi uliyoinunua haitishi. Injini ya kutafuta usiyoijua, pamoja na programu nyongeza usiyoiweka, inatisha.

Ukikuta hali hiyo kwenye kompyuta ya kazini, ondoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi. Usiingize nywila yoyote kwenye mashine hiyo, hata ya barua pepe. Nenda kwenye kompyuta nyingine iliyo salama ubadilishe nywila ulizokuwa ukizitumia, ukianza na ya mfumo wa malipo na ya barua pepe, kisha mwite mtu wa TEHAMA. Wengi hufuta programu nyongeza pekee wakadhani wamemaliza. Sera ikibaki, kivinjari kitairudisha, na programu iliyoandika sera hiyo ikibaki, itaiandika upya.

Kuna malalamiko mengine huletwa kwetu kwa jina la kufuli, kumbe siyo. Linaloongoza ni la saa. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo bapa, aina ya CR2032, inayotunza tarehe umeme ukikatika. Ikiisha, kila umeme unaporudi kompyuta inaamka ikidhani ni mwaka wa nyuma kabisa. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo kivinjari kinaviona vyote ni batili, kinatoa onyo jekundu, na kwenye tovuti nyingi hakikupi hata njia ya kuendelea. Mtumishi anasema amefungiwa. Angalia saa pale pembeni chini kabla ya kumpigia mtu yeyote. Betri yenyewe haina gharama kubwa. Kama saa iko sawa na onyo linatokea pia kwa mwenzako wa meza ya jirani, basi huenda ni cheti cha tovuti yenyewe kilichoisha. Toa taarifa kwa wanaoiendesha, na usilazimishe kupita.

Zipo pia kompyuta zenye Windows 7 ambazo bado zinapiga kazi maofisini. Chrome ya mwisho kuzikubali ni toleo la 109, la mwanzoni mwa 2023. Windows 10 nayo ilifika mwisho wa matengenezo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo mpya ukigoma kwenye mashine ya Windows 7, huenda hakuna mpangilio wa kubofya utakaosaidia.

Na wale wa zamani wanaokumbuka Internet Explorer, kivinjari cha zamani cha Windows: yenyewe ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022, lakini ule ukurasa wake wenye kanda nne za usalama bado umo ndani ya Windows, kwenye chaguo za intaneti. Kuna ukanda wa intaneti kwa jumla, wa mtandao wa ndani, wa tovuti zinazoaminika na wa tovuti zilizowekewa vikwazo. Mifumo ya zamani inayofunguliwa kwa Edge katika hali ya Internet Explorer bado inautegemea. Ushauri uliozoeleka mitaani ni kushusha kiwango cha ukanda wa intaneti hadi chini kabisa ili mfumo mmoja ufunguke. Ni sawa na kuacha wazi geti na milango yote ya nyumba kwa sababu mgeni mmoja amekosa ufunguo wa sebule. Njia sahihi ni kuweka anwani ya mfumo huo mmoja kwenye tovuti zinazoaminika, na anwani ianze na https. Orodha hiyo ikiwa imefifia, msimamizi anaweza kuiongeza kwa sera dakika hiyo hiyo.

Dawa ya madirisha yanayochomoza ni ya namna hiyo pia. Kuna sera iitwayo PopupsAllowedForUrls inayoruhusu anwani moja huku zuio la jumla likibaki palepale. Msimamizi anayejua kazi yake hatafungua kila kitu kwa ajili ya ripoti moja, na mtumishi asimlazimishe kufanya hivyo.

Kuhusu yule kijana wa dakika tano. Ili aondoe sera alihitaji haki za msimamizi, ambazo hakupewa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, na nia njema ya kusaidia ripoti itoke si idhini. Kwa nini mama mwenye miaka mingi kazini aingizwe kwenye maelezo hayo kwa ajili ya dirisha la ripoti?

Lakini nina neno kwa maafisa TEHAMA wenzangu pia, na nalisema kwa moyo wote. Tukifunga bila kueleza, na ombi likakaa wiki mbili bila jibu, mtumishi hatakaa akisubiri. Atawasha hotspoti ya simu, atajitumia mafaili ya ofisi kwenye barua pepe binafsi, atafanyia kazi kwenye laptopu ya mtoto wake nyumbani. Hapo kufuli letu litakuwa limewasukuma watu nje ya uzio tuliojenga kwa ajili yao.

Ombi zuri hutuharakisha. Andika anwani kamili ya mfumo, ulikuwa unafanya nini, saa ngapi, ukiambatanisha picha ya ujumbe wa kosa na ya jedwali la sera. Niambie pia kama kwa mwenzako inafanya kazi. Ukiniandikia "kompyuta imegoma" nitalazimika kukuuliza hayo yote moja moja.

Tukishajibu kwamba tumerekebisha, usishangae kama bado hujaona mabadiliko. Kompyuta iliyo kwenye kikoa huulizia sera mpya takriban kila dakika 90, na huongeza hadi dakika 30 za nasibu ili zote zisiulize kwa pamoja. Ukitaka isisubiri, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike gpupdate /force, kisha ufunge kivinjari na kukifungua tena. Kama uko safarini na laptopu, tuseme uko Mpwapwa na kikoa kiko Mtumba, haitapokea kitu hadi iunganishwe na mtandao wa ofisi, moja kwa moja au kwa njia salama ya mbali mliyopewa. Itaendelea na sera za siku uliyoondoka.

Mama alimalizia ripoti zake kwenye kompyuta ya mwenzake, kwa akaunti yake mwenyewe, na mashine ya mradi ikaletwa kwetu Julai, ikafomatiwa. Jambo moja tulilorekebisha baadaye ni zile picha za skrini alizonitumia. Alizituma kwenye kundi la WhatsApp la idara, na nyuma ya ujumbe wa kosa yalionekana majina ya watu waliokuwa wanalipwa pamoja na namba za akaunti zao za benki. Kabla ya kupiga picha, funga au ficha kila kisichohusika, na umtumie fundi peke yake.