Rangi ya Meli Iliyowafunga Uzazi Konokono

Chombo kikikaa majini huota mwani na makombe chini ya tumbo lake. Kinakuwa kizito, mwendo unapungua, mafuta yanaliwa zaidi. Mabaharia wa mwambao wetu walikuwa wakikipandisha pwani, wanakikwangua, kisha wanakipaka deheni ya chokaa na mafuta. Kuanzia miaka ya 1960 viwanda vilileta rangi yenye tributiltini, sumu iliyotengenezwa kwa bati, ambayo kwa kifupi huitwa TBT. Ilizuia viumbe kuota kuliko rangi yoyote iliyotangulia, na ikaenea kwenye bandari za dunia nzima.

Mwaka 1970, mtafiti Stephen Blaber aliandika kuhusu jambo la ajabu huko Plymouth, Uingereza: konokono majike wa kwenye miamba walikuwa wameota uume nyuma ya pembe ya kulia. Chanzo hakikujulikana. Katika miaka ya 1980, Geoffrey Bryan na Peter Gibbs walithibitisha kuwa ni TBT iliyokuwa ikichuja kutoka kwenye rangi za mashua.

Ukilivunja kombe la jike aliyeathirika sana, utaona alivyoharibika. Pamoja na uume, ameota mrija wa kupitishia mbegu za kiume, na nyama yake imeziba tundu la kutolea mayai. Mayai aliyoyatengeneza yamebaki ndani, yamejazana na kuwa bonge jeusi. Wengine hupasuka na kufa. Wanaosalia huzeeka bila kuacha kizazi, na kwa kuwa watoto wa konokono huyu hutambaa tu mwambani badala ya kusafiri na maji, hakuna wageni wa kuja kuziba pengo upesi.

Kiwango chenyewe kinatisha. Nanogramu 1 katika lita ya maji inatosha kuanzisha badiliko hili. Hiyo ni gramu 1 ya sumu ndani ya lita bilioni 1, maji ya kujaza mabwawa 400 ya kuogelea ya Olimpiki. TBT hushika kipokezi cha seli kiitwacho RXR, ambacho kazi yake ni kupokea ujumbe wa mwili, na jike anaanza kujengeka kama dume. Ndiyo maana sisi tunaochunguza maji hatutosheki na kipimo cha kuuliza samaki wangapi wamekufa. Ufuo unaweza kuwa hauna mzoga hata mmoja, na bado hakuna anayezaa.

Serikali zilishtuka pale hasara ilipogusa mifuko. Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, kwenye ufugaji mkubwa wa chaza, makombe yalianza kuvimba na kuwa mazito, yakiwa na vyumba vilivyojaa ute, na kwa misimu kadhaa mfululizo chaza wachanga hawakuonekana. Januari 1982 Ufaransa ilipiga marufuku rangi hiyo kwa vyombo vya chini ya mita 25. Uingereza ilifuata mwaka 1987. Huko Arcachon chaza wachanga walirudi mapema baada ya marufuku, nami nautaja ushahidi huu kila ninapoambiwa kwamba bahari ikishaharibika basi.

Meli kubwa ziliendelea kupakwa rangi hiyo hadi mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku, uliopitishwa mwaka 2001, ulipoanza kutumika tarehe 17 Septemba 2008.

Hata hivyo TBT hung'ang'ania kwenye matope ya bandari kwa miaka mingi, hasa mahali meli zinapokwanguliwa. Bandari inapochimbwa ili kuongeza kina, matope hayo yanatibuliwa. Kwa hiyo yapimwe TBT kabla ya kuchimbwa, na yakikutwa na sumu yasimwagwe karibu na matumbawe wala mikoko. Fundi anayekwangua meli kuukuu atandike turubai chini, akusanye vumbi na magamba yote ya rangi, na ayazuie yasifike majini.