Bweha: anza na mgongo, malizia na mkia

Wageni wengi Serengeti wakimwona bweha husema, "Mbwa mwitu yule!" na gari linapita. Mbwa mwitu ni mkubwa zaidi, ana mabaka mwili mzima na masikio mapana ya duara, tena hutembea kwa kundi. Bweha ni mwembamba, masikio yamechongoka, na mara nyingi utamkuta peke yake au dume na jike wake.

Serengeti wapo wa aina tatu. Rangi ya mwili peke yake hudanganya, maana vumbi na jua la jioni huwafanya wote wafanane, hivyo anza na mgongo. Bweha mgongo mweusi ana kitu kama tandiko jeusi lenye mvi, kutoka shingoni hadi kwenye mkia; mbavu na miguu ni rangi ya kutu, na ncha ya mkia ni nyeusi. Bweha miraba ni wa kijivu. Mstari mweupe wa ubavuni mara nyingi haukolei, basi usihangaike nao: tafuta ncha nyeupe ya mkia. Huyu hupenda penye miti na hutembea zaidi usiku. Wa tatu, bweha dhahabu, ana rangi ya nyasi kavu na hukaa kwenye nyanda za nyasi fupi, kama za Ndutu. Mwaka 2015 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa huyu wa Afrika ni spishi tofauti na bweha dhahabu wa Asia na Ulaya, ingawa kwa macho wanafanana sana.

Toka alfajiri, na ukimpata mwombe dereva azime injini. Wengi humdhania mla makombo ya simba tu, lakini mtazame akiwinda panya: anasimama kimya, masikio mbele, kichwa kimeinama upande, kisha anaruka juu na kutua kwa miguu ya mbele. Wakiwa wawili huweza kumkamata mtoto wa swala tomi. Mmoja anamshughulisha mama, mwenzake anamnyakua mtoto.

Ukimwona anakwenda moja kwa moja bila kunusanusa, tumbo limejaa, mfuate kwa darubini, si kwa gari. Huenda anarudi pangoni. Watoto watatoka mbio kumlamba mdomo, naye atawatapikia nyama. Pengine huyo si mama wala baba, ni kaka au dada yao wa mwaka uliopita, aliyebaki nyumbani kusaidia kulea.